Je, Wajua? Twiga aliliwa Pompeii

Mwaka 2014, wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, walitangaza walichokikuta kwenye mtaro wa maji machafu huko Pompeii, mji wa Italia uliofukiwa na majivu ya volkano ya Vesuvius mwaka 79 BK: mfupa wa mguu wa twiga, wenye alama za kisu cha bucha. Ndiyo, twiga! Ulaya si kwao. Asili yake ni Afrika. Wala hapakuwa kasri la tajiri, bali mtaa wa migahawa na maduka karibu na lango la Porta Stabia. Mjini Roma kwenyewe, twiga wa kwanza aliletwa na Julius Caesar mwaka 46 KK, na watu wakamwita ngamia-chui.

Mifupa mingine haina makeke hayo, ila inasema mengi. Meno yaliyosagika hutaja umri. Nguruwe wengi walichinjwa wangali wadogo, maana nguruwe hana kazi nyingine ila kitoweo. Ng'ombe alivuta plau hadi uzeeni, ndipo akafika sokoni. Katika miji ya Kirumi ya Uingereza, mifupa ya bega la ng'ombe hukutwa imetobolewa tundu moja: palipopita ndoano, nyama ikining'inia motoni ikaushwe kwa moshi.

Na ule wa twiga? Ulipotangazwa, ndio uliokuwa mfupa pekee wa twiga kuwahi kufukuliwa katika magofu ya Kirumi nchini Italia.