Mafumbo ya Kuvuka Mto na Tathmini ya Fikra za Kimantiki katika Shule za Mpakani: Busia na Tororo

Makala haya yanafafanua mantiki ya fumbo la kuvuka mto na nafasi yake katika tathmini ya wanafunzi wa Busia na Tororo. Fumbo hilo limo katika mkusanyo wa Kilatini unaohusishwa na Alcuin wa York, aliyefariki mwaka 804. Marcia Ascher alionyesha mwaka 1990 kuwa masimulizi ya Kiafrika, yakiwemo ya Waswahili wa Zanzibar, yana mafumbo ya jamii hiyo.

Kwa mazingira ya Mto Malaba, fumbo laweza kuwekwa hivi: mkulima ana fisi, mbuzi na mihogo, mtumbwi humbeba yeye na kimoja tu. Asipokuwapo, fisi humla mbuzi, na mbuzi hula mihogo. Kwa kuwa kila mmoja wa hao wanne huwa ng'ambo hii au ile, zipo hali 16. Kati yake 6 ni za hatari na 10 ni salama. Kutatua fumbo ni kutafuta njia fupi ndani ya hali salama. Safari 7 zinatosha, kwa njia mbili, na zote mbili humlazimu mkulima kumrudisha mbuzi aliyekwisha kuvushwa.

Akiongezwa panya alaye mihogo, ambaye fisi hamgusi, hata safari ya kwanza haiwezekani. Akichukuliwa mbuzi, panya hubaki na mihogo; ikichukuliwa mihogo, fisi hubaki na mbuzi; akichukuliwa fisi au panya, mbuzi hubaki na mihogo. Mtumbwi ukiwa na nafasi mbili za mizigo, safari 5 zinatosha, mbuzi akifuatana na mkulima daima.

Mitaala ya Kenya na Uganda husisitiza umilisi. Ule wa sekondari ya chini nchini Uganda ulianza mwaka 2020. Hata hivyo, usahihishaji unaohesabu vilivyovuka humwadhibu anayemrudisha mbuzi, na humnyima alama anayethibitisha kuwa fumbo halina jibu. Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba miongozo ya usahihishaji pande zote mbili za mpaka itoe alama kwa orodha ya hali, kwa sababu ya kila hatua, na kwa uthibitisho wa kutowezekana.