MBWA MKALI: NI MBEGU AU NI MALEZI?

Mtu apitaye katika mitaa ya Mbarara hukutana na malango yenye kibao cha kuonya juu ya mbwa mkali. Mgeni akikisoma husita, akabisha hodi kwa mbali, kisha humwuliza mwenye nyumba: "Mbwa wako ni wa aina gani?" Akijibiwa kwamba ni wa kienyeji, hushusha pumzi. Akijibiwa kwamba ni Alsatian au Rottweiler, hurudi nyuma hatua mbili.

Ndugu msomaji, ndani ya swali hilo fupi umo ubishi mkubwa. Wako wasemao kwamba mbwa wa aina fulani huzaliwa na ukali katika damu yake, na kwamba hata akilelewa kwa maziwa na mkate, siku moja atamrudia bwana wake. Wengine husema kwamba mbwa ni kama mtoto: umleavyo ndivyo akuavyo.

Kwa jamaa za askari ubishi huu si wa kupitishia wakati. Askari wa kambi ya Makenke aendapo safari ya kazi, au polisi aingiapo zamu ya usiku, huwaacha wake nyumbani peke yao. Mara nyingi mbwa ndiye mlinzi wao. Basi achaguliwe mbwa gani, na alelewe vipi, ili mlinzi huyo asije akageuka adui wa watoto wa nyumba?

Jina Baya la Alsatian

Tuanze na mbwa ambaye askari wanamfahamu vizuri. Mwaka 1899, ofisa wa zamani wa jeshi la Ujerumani, Max von Stephanitz, aliasisi chama cha kumtunza na kumwendeleza mbwa wa wachungaji wa kondoo wa nchi yake. Kazi ya mbwa huyo ilikuwa kuzuia kondoo wasitawanyike. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza hawakutaka kutamka neno "Ujerumani", wakambadili jina na kumwita Alsatian. Hawakumrudishia rasmi jina lake la asili hata ulipofika mwaka 1977.

Huko Australia hofu ilizidi. Ilidhaniwa kwamba mbwa huyo ana damu ya mbwa mwitu na kwamba angewamaliza kondoo. Mwaka 1929 serikali ikapiga marufuku kumwingiza nchini, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi miaka ya 1970. Hali katika nchi nyingine mbwa huyo huyo alikuwa akiwaongoza vipofu barabarani na kufuata nyayo za wezi pamoja na polisi. Damu yake ilikuwa moja kotekote. Kilichotofautiana ni sifa aliyopewa na watu, na mafunzo aliyopata mikononi mwao.

Sheria za Wenzetu

Ubishi huu umefika hata katika mabunge. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1991 ya kukataza aina nne za mbwa, na pit bull ni mmojawapo. Hata hivyo, watu waliendelea kuumwa na mbwa wa aina nyingine. Baada ya misiba kadhaa, aina ya tano iitwayo XL Bully iliongezwa, na tangu tarehe 1 Februari 2024 ni kosa kumfuga mbwa huyo katika England na Wales bila kibali maalumu. Italia ilifuata njia nyingine. Ilikuwa na orodha ya mbwa wa hatari, lakini mwaka 2009 iliifuta na kumtwika mwenye mbwa dhamana yote, awe na mbwa wa aina yoyote ile.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wa mbwa zaidi ya 18,000. Waligundua kwamba aina ya mbwa inaeleza takriban sehemu 9 tu katika 100 za tofauti za tabia baina ya mbwa na mbwa. Katika aina moja walikuwamo wapole na wakali, waoga na wajasiri.

Lakini tusijidanganye kwamba aina haina maana kabisa. Mbwa mkubwa mwenye taya pana akiuma, jeraha lake si sawa na la mbwa mdogo. Anayefuga mbwa mwenye nguvu kupita zake mwenyewe amejitwisha mzigo mzito zaidi, na kosa lake dogo huweza kuleta msiba mkubwa. Kwa hiyo aina ya mbwa hutuonyesha ukubwa wa madhara yawezayo kutokea. Kama yatatokea au hayatatokea, hilo hutegemea zaidi mkono unaomlea.

Hatari Isiyo na Mbegu

Sasa tutoke mjini twende Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, kuelekea mpaka wa Tanzania. Makao hayo ya wakimbizi yalifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya watu waliotoka Rwanda. Leo wanaishi humo watu zaidi ya laki moja kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko. Nyumba zimekaribiana, watoto ni wengi, na mbwa wa jirani hupita uani kwako bila hodi.

Huko si mahali pa mbwa wa kununuliwa kwa fedha nyingi. Mbwa wa kawaida ni wa kienyeji, yule ambaye kwa kutajwa tu mgeni wetu wa Mbarara alishusha pumzi. Lakini ni huyu asiyeogopwa ambaye, akikosa chanjo, aweza kuleta hatari kuu kuliko zote, yaani kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao katika Asia na Afrika, na katika kila wafu kumi, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaonekana kwa mgonjwa, tiba ya kumwokoa ni kama haipo.

Kichaa hakichagui mbegu. Kwa bahati njema, chanjo nayo haichagui. Kisiwani Pemba mbwa walichanjwa kisiwa kizima mwaka baada ya mwaka, na ugonjwa ukakoma mwaka 2014. Uliporejea mwaka 2016, chanjo iliongezwa nguvu, ukakomeshwa tena mwaka 2018. Hakuna aliyeuliza kama mbwa ni wa kienyeji au wa kigeni. Lililohitajika ni mwenye mbwa kumleta mbwa wake achanjwe.

Katika Nakivale liko pia jambo la ujirani mwema. Mkongomani aweza kumwona mbwa kuwa mlinzi wake wa shamba, ilhali jirani yake Msomali, kwa mafundisho ya dini yake, huyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Kumzuia mbwa wako asitoke uani si kumwonea mnyama, bali ni kumheshimu jirani.

Mbwa wa Gulu

Wanaomdharau mbwa wa kienyeji wangefaa kutazama Gulu, kaskazini mwa Uganda. Shirika la The BIG FIX Uganda huwachukua mbwa wa kienyeji, likawapa mafunzo na kuwakabidhi kwa watu walioumizwa nyoyo na vita vya miaka mingi. Mtu aliyekuwa akishtuka usingizini kwa ndoto za vita hupata mwenzi wa kumtuliza. Mbwa hao wangeachwa njiani wakipigwa mawe, pengine wangekuwa miongoni mwa wale tunaowaita wakali.

Wajibu wa Nyumbani

Mwenye kufuga mbwa na ayazingatie haya:

1. Mbwa azoezwe watu, watoto na wanyama wengine tangu akiwa mdogo, katika miezi mitatu ya mwanzo. Mbwa mwoga ndiye aumaye upesi.

2. Asifungwe mnyororo kutwa kucha kwa kudhani kwamba ukali utaongezeka. Utaongezeka kweli, lakini hautabagua mwizi na mtoto. Mbwa wa polisi hasifiwi kwa ukali mtupu, bali kwa kutii anapoambiwa aache.

3. Apelekwe kwa bwana mifugo achanjwe, na chanjo irudiwe kwa wakati.

4. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa yeyote, hata awe mpole namna gani. Afundishwe kutomgusa mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha.

5. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Asingojee kuona kama mbwa atakufa.

Mataifa yamekubaliana kwamba ifikapo mwaka 2030 asife tena mtu kwa kichaa kitokacho kwa mbwa. Lengo hilo halitafikiwa kwa kubishana juu ya mbegu. Basi safari nyingine tufikapo mbele ya lile lango la Mbarara, pamoja na kuuliza aina ya mbwa, tumwulize mwenye nyumba maswali mawili zaidi: amemchanja lini, na amemfunza nini? Majibu yake yatatueleza zaidi kuliko kile kibao.