Tezi ndogo kama mbaazi inayosimamia ukuaji wa mtoto

Nachingwea na Ruangwa mbaazi si kitu cha kutafuta. Iweke punje moja kiganjani. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, ina ukubwa wa karibu hivyo kwa mtu mzima na uzito wa kama nusu gramu. Hiyo ndiyo inayosimamia ukuaji, balehe na maziwa ya mama.

Wengi hudhani tezi yote ni kipande cha ubongo. Sivyo. Karibu wiki ya 4 tangu mimba kutungwa, seli za paa la kinywa cha kiinitete hujikunja kwenda juu na kufanya kifuko. Kinaitwa kifuko cha Rathke, kwa jina la Mjerumani Martin Rathke aliyekieleza mwaka 1838. Kutoka juu, sakafu ya ubongo nayo huchomoza kushuka. Vikikutana, kifuko hukatika kutoka kinywani na tezi huwa moja: mbele imetoka kinywani, nyuma imetoka kwenye ubongo.

Ubongo hutoa viashiria vya kikemikali, na seli huwasha jeni kulingana na mahali zilipo. Ndivyo seli za sehemu ya mbele hugawana kazi katika aina 5. Jeni ya PIT-1, kwa mfano, huandaa seli za homoni ya ukuaji, ya maziwa na ile inayoamsha tezi ya shingo. Ikiwa na hitilafu, zote tatu hupungua.

Haya hutokea mapema mno, pengine mama hajaenda kliniki hata mara moja. Hakuna aliyeroga, na mama asilaumiwe.

Mtoto mchanga mwenye shida hii huweza kushukiwa na sukari mara kwa mara, kuwa na manjano inayozidi wiki 2, au, kwa wa kiume, uume mdogo sana na korodani zisizoshuka. Mwenye kaakaa lililopasuka aangaliwe zaidi, kwani kaakaa na tezi huanzia jirani. Tafadhali, kasoro ya maumbile isisubiri kugunduliwa jandoni.

Uzito wa kuzaliwa huwa wa kawaida, maana tumboni mtoto hategemei sana homoni yake ya ukuaji. Baadaye ndipo urefu hudorora. Kliniki tunapenda mizani. Wewe omba apimwe na urefu. Baada ya miaka 4, anayeongezeka chini ya sentimita 5 kwa mwaka amwone daktari. Wengi watakutwa na udumavu wa lishe au wazazi wafupi tu. Wachache watahitaji rufaa, Sokoine mjini Lindi au hadi Muhimbili.

Homoni zinazokosekana hurudishwa kwa dawa, ingawa sindano za ukuaji ni ghali. Vidonge vya haidrokotisoni ndivyo visivyokatizwa hata siku moja. Mtoto anayevitumia akipata malaria au homa nyingine, dozi huongezwa kama daktari alivyoelekeza. Akitapika vidonge, awahishwe hospitali kwa sindano, usiku huohuo.