Mtakatifu Fabiani, Papa Aliyetoka Shamba

Akina Fabiani ni wengi katika vijiji vyetu. Sikukuu ya somo wao ni tarehe 20 Januari, wakati ambapo hapa Kinyangiri wengi tuko kwenye palizi. Inafaa, maana Fabiani mwenyewe alitoka shamba.

Mwanahistoria Eusebi anasimulia kwamba mwaka 236 Wakristo wa Roma walikusanyika kumchagua askofu wao. Watu wakubwa walikwisha kutajwa. Fabiani alikuwepo tu, amefika na wenzake kutoka shamba, wala hakuna aliyemfikiria. Ghafla njiwa akatua kichwani pake, na watu wote wakapaza sauti kuwa anastahili. Uiamini habari ya njiwa au usiiamini, mkulima huyo aliliongoza Kanisa miaka 14.

Wengi hukumbuka njiwa. Mimi naona kazi yake kubwa ni nyingine: aliugawa mji wa Roma sehemu saba, tuseme kama kata zetu, kila moja akaikabidhi kwa shemasi. Mashemasi ndio waliowahudumia wajane, yatima na maskini. Hivyo kila mhitaji alikuwa na mtu wa kumwendea.

Kisha akaja Kaisari Desyo. Aliamuru watu wote watoe sadaka kwa miungu ya dola mbele ya wakaguzi, ndipo wapewe cheti. (Baadhi ya vyeti hivyo vimepatikana Misri, vimeandikwa juu ya mafunjo.) Wakristo wengi waliogopa wakatoa sadaka. Wengine walinunua cheti kwa fedha. Rushwa si jambo la jana. Fabiani alikuwa kati ya wa kwanza kufa, tarehe 20 Januari 250.

Kwa zaidi ya mwaka mzima Roma haikuwa na askofu. Kornelio alichaguliwa Machi 251, na katika barua yake aliwahesabu watu wa Kanisa la mji huo: mapadri 46, mashemasi 7, na wajane na wahitaji zaidi ya 1,500 waliokuwa wakitunzwa. Mchungaji alikuwa ameuawa, lakini wajane walikuwa bado wanakula.

Jiwe la kaburi la Fabiani lilipatikana mwaka 1854 katika makaburi ya Kalisto, chini ya ardhi. Limeandikwa kwa Kigiriki: Fabiani, askofu. Kifupi cha neno mfiadini kinaonekana kuongezwa baadaye.