Mahindi ya Pombe Nayo Yachaguliwe

Mavuno yakiisha huku bonde la Rukwa, mahindi huwa mengi. Hapa Kasansa, na kwa jirani zetu wa Mamba, Majimoto na Usevya, bei ya debe huwa ndogo wakati huo. Ikifika Januari na Februari, bei imepanda na maghala yana nafasi.

Mama anayepika pombe analijua jambo hili. Kwa hiyo hununua magunia matatu au manne wakati wa mavuno. Huyaweka ndani, akapika kidogo kidogo mpaka mavuno mengine. Fedha anayopata hununulia daftari za watoto, sabuni na chumvi. Hiyo ni akili nzuri. Lakini mtu anayenunua kwa wingi, akikosea, hukosea kwa wingi pia.

Labda utauliza: ukurasa wa afya unafundisha kupika pombe? Hapana. Habari za ulevi zina siku yake. Leo tunasema juu ya nafaka. Pombe inapikwa kijijini, tupende tusipende. Na nafaka mbovu haichagui mlevi. Anayeonja kikombe kimoja naye anaweza kuugua.

Liko neno moja tunalolisikia sana. Mahindi yanyeshewe mvua, au yaote ukungu ghalani. Baba anasema, "Haya hayafai kwa ugali." Mama anajibu, "Basi tuyapikie pombe." Wauzaji nao wanalijua neno hili. Mahindi yaliyoharibika huuzwa kwa bei rahisi, na huitwa mahindi ya pombe. Watu hufikiri kwamba pombe huchemshwa, tena huchachuka, kwa hiyo ubaya wote huisha. Si kweli.

Ukungu ni kiumbe hai kidogo sana. Jina lake jingine ni kuvu. Baadhi ya kuvu hutoa sumu ndani ya punje ya mahindi, karanga au mtama. Sumu hiyo huitwa sumukuvu. Haina ladha wala harufu ya kuitambulisha. Ukichemsha mahindi, kuvu hufa. Sumu haifi, kwa sababu haina uhai. Chukua mfano wa pilipili. Chemsha mchuzi wa pilipili kutwa nzima, bado utawasha. Sumukuvu ni hivyo hivyo. Haiishi kwa moto wa jiko, wala hamira na kimea haviiondoi. Inabaki katika pombe, na nyingine inabaki katika machicha.

Sumu hii hushika ini. Mtu akila nyingi kwa muda mfupi, huweza kufa. Akila kidogo kidogo miaka mingi, huweza kupata kansa ya ini. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Wagonjwa 68 walihesabiwa, na 20 kati yao walikufa. Kenya mwaka 2004 watu 125 walikufa katika wilaya kama Makueni na Kitui. Hao walikula mahindi yaliyohifadhiwa yangali na unyevu.

Sasa sikiliza habari ya pombe yenyewe. Mwezi wa Januari 2015, huko Chitima, mkoa wa Tete, nchi ya Msumbiji, watu walikwenda mazishini. Walikunywa pombe ya kienyeji iliyopikwa kwa unga wa mahindi. Baadaye wakaanza kuumwa tumbo, kuhara na kulegea. Watu 75 walikufa. Mama aliyepika pombe naye alikufa. Mwanzoni watu walisema kuna mtu ametia nyongo ya mamba katika pombe. Mnajua jinsi maneno kama hayo yanavyoweza kuvunja kijiji. Wataalamu walipima pombe, na hawakuona nyongo. Waliona sumu iliyotengenezwa na bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho, vilivyoota katika unga. Unga ule ulikuwa umeharibiwa na maji ya mafuriko. Haukufaa tena kwa chakula, ndipo ukapikiwa pombe. Sumu ile si sumukuvu, lakini nayo haiondoki kwa kuchemsha.

Basi ukienda kununua, nunua mahindi ya pombe kama unavyonunua mahindi ya kula. Usitazame mdomo wa gunia tu. Muuzaji mjanja huweka mahindi mazuri juu. Mwambie amwage gunia juu ya turubai. Kama anakataa, nenda kwa mwingine. Ingiza mkono katikati ya mahindi. Yakiwa na joto, yana unyevu na yameanza kuharibika. Nusa. Harufu ya uvundo ni dalili ya ukungu. Tazama punje zenye rangi ya kijani, nyeusi, au kijivu. Tazama zilizotobolewa na wadudu na zilizovunjika. Kuvu huingia upesi mahali palipovunjika.

Njia ya kupima unyevu ni hii. Tafuta chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye kifuniko. Weka mahindi mpaka theluthi moja ya chupa. Ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyoanikwa juani ikakauka. Funga, tikisa kwa dakika chache, kisha acha chupa itulie robo saa. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado ni mabichi. Chumvi ikianguka yote chini, mahindi yamekauka vya kutosha kuwekwa. Viwanda vya bia hupima unyevu wa shayiri kwa mashine kabla ya kuinunua. Wewe unayo chupa na chumvi. Na kumbuka, mahindi mabichi ni mazito. Ukinunua kwa kilo mahindi yasiyokauka, unalipia maji.

Uliza pia habari za dawa. Mahindi ya ghalani hutiwa dawa ya kuua wadudu. Muulize muuzaji ametia dawa gani na siku gani. Pakiti ya dawa inaeleza siku za kungoja kabla ya kula. Siku hizo ni za pombe vilevile. Mbegu za dukani zilizopakwa dawa ya rangi nyekundu, kijani au nyingine, usizipikie pombe hata kidogo. Kuziosha hakusaidii.

Ukifika nyumbani, kazi haijaisha. Anika mahindi tena juu ya turubai au jamvi, si juu ya udongo. Kaa na wenzako mchambue punje moja moja. Kazi hii inachosha, lakini ina faida kubwa. Mara nyingi sumu nyingi imo katika punje chache zilizoharibika. Ukiziondoa hizo, umeondoa sehemu kubwa ya hatari. Usiseme imekwisha yote, maana punje nzuri kwa macho huweza kuwa na sumu kidogo. Gunia lenye ukungu mwingi halichambuliki. Liache.

Weka magunia juu ya magogo au mbao, mbali na ukuta, mahali pasipovuja. Siku hizi iko mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Wadudu hufa ndani yake bila dawa. Lakini usitie humo mahindi mabichi, yatavunda. Mifuko hiyo ina gharama. Akina mama watatu au wanne wakichanga fedha, wakanunua mahindi na mifuko pamoja, huwa nafuu.

Ulezi na mtama wa kimea una hatari yake. Nafaka ikilowekwa na kufunikwa ili iote, ukungu nao hupenda joto na maji hayo. Osha nafaka kwa maji safi, tupa zinazoelea. Osha chombo na gunia la kufunikia kila mara. Kimea kikishaota, kianike juani upesi mpaka kikauke kabisa. Kimea cha mtama kikikauka, kisugue na kukipepeta ili machipukizi na mizizi iondoke, kwa kuwa machipukizi ya mtama yana sumu yake. Kimea chenye manyoya ya kijani au meusi ni cha kutupa.

Mahindi mabovu usiwape kuku, bata wala nguruwe. Sumukuvu huwaua nao. Ng'ombe wa maziwa akila, sumu nyingine hutoka katika maziwa anayokunywa mtoto. Chimba shimo mbali na kisima, uyafukie.

Na kama watu waliokula au kunywa pamoja wanaanza kutapika, kuumwa tumbo, kuvimba miguu au tumbo, au macho yao yanakuwa ya manjano, msingoje wala msianze kutafuta mchawi. Wapelekeni zahanati siku hiyo hiyo. Pombe iliyobaki isinywewe. Chukueni kidogo katika chupa, pamoja na konzi moja ya mahindi au unga uliotumika, mkamwonyeshe mganga.