Fahamu: Carmageddon, mchezo uliompa dereva zawadi kwa kugonga watu

Michezo ya kompyuta inaposhutumiwa kuwaharibu vijana, jina la Carmageddon halikosi kutajwa. Mchezo huo wa mbio za magari ulitolewa mwaka 1997, ukiwa umetengenezwa na kampuni ya Stainless, yenye makao katika kisiwa cha Wight, Uingereza.

Kilichoudhi watu ni kanuni zake. Saa inarudi nyuma, na dereva huongezewa sekunde kwa kumgonga mpita njia, hata ng'ombe. Kumaliza mizunguko ni njia moja tu ya kushinda. Unaweza pia kuwavunjia wapinzani wote magari, au kuua kila mtu aliye barabarani, kazi ambayo, kusema kweli, inachosha kuliko mbio zenyewe.

Bodi ya filamu ya Uingereza, BBFC, ilikataa kuupa cheti. Wachapishaji, SCi, wakaweka mazombi yenye damu ya kijani badala ya watu. Ujerumani wakapelekewa maroboti. Baadaye rufaa ilishinda, na toleo lenye damu nyekundu likaruhusiwa.

Marufuku, kwa maoni yangu, ndiyo iliyoutangaza mchezo huu. Tangu 2018 haki zake zinamilikiwa na THQ Nordic.