Jimbo Huweza Lini Kuwa Nchi? Mchezo na Historia

Vijana wengi wa siku hizi hukaa mbele ya kompyuta wakitawala milki za zamani. Mmojawapo wa michezo yao ya mikakati ni Europa Universalis IV, uliotolewa mwaka 2013 na kampuni ya Paradox ya Sweden. Mchezaji hukabidhiwa nchi moja mwaka 1444, akaiongoza kwa vita, biashara na ndoa za kifalme hadi mwaka 1821. Wako wazazi wanaouona kuwa ni upotezaji wa wakati tu. Hata hivyo, ndani yake limo swali lililomwaga damu nyingi duniani: jimbo huweza lini kujitenga na mtawala wake likawa nchi?

Jibu la mchezo ni la hesabu. Kila jimbo lina kipimo cha manung'uniko. Jimbo lililotekwa karibuni huanza na manung'uniko mengi, nayo hupungua mwaka hata mwaka. Tofauti za dini na uchovu wa vita huyapandisha. Yakizidi kiasi, jeshi la waasi huzuka, na likishinda, nchi mpya hutokea katika ramani.

Je, ndivyo ilivyokuwa? Tuupime mchezo huu kwa mwaka mmoja tu, 1640.

Wakati huo Felipe IV wa Hispania alikuwa mfalme wa Ureno pia, kwa kuwa tangu mwaka 1580 nchi hizo mbili zilikuwa chini ya mfalme mmoja. Hata Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilijengwa katika enzi ya babu yake. Waziri wa Felipe IV, Olivares, alitaka kila nchi iliyo chini ya mfalme ichangie vita. Katika mpango wake, Catalonia na Ureno zilitakiwa kutoa askari 16,000 kila moja.

Tarehe 7 Juni, 1640, wavunaji waliofanya ghasia mjini Barcelona walimwua mwakilishi wa mfalme. Tarehe 1 Desemba, mabwana wa Ureno waliivamia ikulu ya Lisbon, wakamwua katibu wa serikali, wakamtangaza João IV kuwa mfalme. Mfalme aliyeasiwa ni mmoja, mwaka ni mmoja, na kilio cha watu kilikuwa karibu kimoja. Lakini Barcelona ilisalimu amri mwaka 1652, hali Ureno ilikubaliwa na Hispania kuwa huru mwaka 1668, na hadi leo ni nchi.

Tofauti hiyo ilitokana na nini?

Kwanza, Ureno ilikuwa imejitawala miaka 60 tu iliyopita, na ukoo wa Bragança wenye damu ya wafalme ulikuwapo tayari kushika enzi. Wacatalonia walikuwa na sheria zao na baraza lao, lakini hawakuwa na mfalme wao. Januari 1641 walimkubali Louis XIII wa Ufaransa kuwa mtawala wao.

Pili, Hispania ilikuwa vitani na Ufaransa tangu mwaka 1635, na jeshi lake lilielekezwa kwanza Catalonia. Ureno ikapata nafasi ya kujiimarisha.

Tatu, Ureno ilikuwa na sukari ya Brazili, na mwaka 1662 ilimwoza Catarina, binti wa João IV, kwa Charles II wa Uingereza. Catalonia ilitegemea Ufaransa peke yake, nayo Ufaransa ikaingia katika vita vyake vya ndani mwaka 1648. Mwaka 1659 wafalme hao wawili walipatana, na Roussillon, sehemu ya ardhi ya Wacatalonia, ikapewa Ufaransa. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi.

Kwa hiyo mchezo hausemi uongo unapoonyesha kwamba manung'uniko huzaa uasi. Upungufu wake ni kwamba jeshi la waasi huchipuka kama uyoga baada ya mvua, hata mchezaji asijue nani alilikusanya na nani alililisha. Wala haifai kuulaumu kila unapoacha njia ya historia. Catalonia huru haikuwa ndoto tupu, kwani ilikuwa na baraza, sheria na watu walio tayari kufa. Kinachostahili kulaumiwa ni tokeo lisilo na sababu.

Basi, mzazi, ramani ya mwanao itakapogawanyika, keti karibu naye umwulize maswali matatu: Nani aliwaongoza waasi hawa? Nani aliwasaidia? Mtawala wao alikuwa anashughulika na nini kwingineko? Akikosa majibu, mpe kitabu cha historia, kisha mrudi mchezoni pamoja.